Dawa ya Kukesha kwa Mama Mwenye Mimba



Labda bwana wako ni shofere wa kamyo, anapita usiku toka Kolwezi mpaka Kasumbalesa. Ana kinini cha kufukuza usingizi. Na wewe, mwenye mimba ya miezi miwili, unasinzia juu ya mboga pale soko, unasema: "Basi na miye nimeze kimoja." Mama, ngoja kwanza.

Kinini kimoja cha namna hiyo kinaitwa modafinili. Kilitoka Ufaransa. Kazi yake ni kusaidia mugonjwa wa narkolepsi, ndiye mutu anayekamatwa na usingizi kwa ghafula muchana, hata akiwa anakula ao anazungumza. Kule Ulaya, tangu 2011, kinaruhusiwa kwa ugonjwa huo tu. Kinatolewa kwa karatasi ya munganga. Kinamezwa asubui, maana kinakaa mwilini sana. Ukimeza magaribi utahesabu mabati ya nyumba mpaka jogoo awike.

Kichwa kinauma, njo shida inayoonekana sana. Wengine wanasikia kichefuchefu, chakula hakipendezi, moyo unapiga mbio, tension inapanda, roho haitulii. Mara chache ngozi inatoka vipele na mudomo vidonda. Hapo acha dawa mara moja, ukimbie ku hospitali siku ile ile, kwa sababu inaweza kuua.

Sasa neno lenu ninyi. Katika 2019 wakubwa wa dawa wa Ulaya na Kanada waliwaonya waganga: mutoto anaweza kuzaliwa na kilema, kama vile moyo usiotengenezeka vizuri ao mudomo uliopasuka. Kwa hiyo mama mwenye mimba asimeze. Anayenyonyesha vilevile.

Tena kuna hatari ingine yenye kujificha. Dawa hii inapunguza nguvu ya vinini vya kupanga uzazi, na ya ile dawa inayowekwa chini ya ngozi ya mukono. Unahesabu vinini vyako vizuri kila siku, na mimba inaingia! Hatari hiyo inaendelea hata miezi miwili kisha kuacha. Kapoti na kile kichuma cha shaba cha ndani ya tumbo la uzazi havisumbuliwi nayo.

Lakini mbona unasinzia hivyo? Mara nyingi mimba yenyewe inaleta usingizi. Tena inaweza kuwa damu kidogo, ao malaria, ao ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Modafinili haiongezi damu, haiui mududu wa ugonjwa wo wote. Inafunika alama tu, ugonjwa unaendelea. Tutatazama macho na viganja vyako, tutapima damu.

Na kama umekwisha kumeza, usifiche. Kama ni munganga aliyekupa kwa narkolepsi, rudi kwake upesi, umwambie habari ya mimba. Ukija hapa, leta na karatasi ya vile vinini, hata kama imebaki tupu.