Umekosa vidole vinne: mitelezo ya maji ya Durban

Mazungumzo yetu ya leo yanatupeleka Durban, mji wa bandari ulioko katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Ni mji wa pwani ya Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga kuta za Mombasa, Tanga na Unguja. Mkondo wa Agulhas huuletea maji ya joto kutoka kaskazini, na kwa sababu hiyo watu huoga baharini karibu mwaka mzima.

Kwenye ncha ya kusini ya ufukwe wa mji huo, mahali panapoitwa Point, karibu na mlango wa bandari, ipo bustani ya burudani ijulikanayo kwa jina la uShaka Marine World. Ilifunguliwa mwezi Aprili mwaka 2004 na ni mali ya Manispaa ya eThekwini, yaani halmashauri ya Durban yenyewe. Jina lake ni kumbukumbu ya Shaka, mfalme wa Wazulu aliyefariki mwaka 1828. Ndani yake mna nyumba ya samaki iliyojengwa kwa mfano wa meli kuukuu iliyokwama mchangani, ambamo mgeni huteremka hadi tumboni mwa chombo na kuwatazama papa, taa na kasa nyuma ya vioo vinene. Kando yake ni bustani ya mitelezo ya maji, na hiyo ndiyo ninayokusudia kuizungumzia leo.

Niliizuru pamoja na familia yangu wakati wa likizo ya Desemba. Tulikuwa watu watano: mimi na mke wangu, mtoto wetu wa kiume mwenye umri wa miaka 12, binti yetu wa miaka 7, na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Pangani, ambaye ameishi kando ya bahari maisha yake yote lakini hakuwa amewahi kuona maji yakipandishwa ghorofani ili watu wateremke nayo. Sisi tunaofanya kazi ughaibuni hukutana na wazee wetu kwa nadra. Siku moja ya mapumziko pamoja nao huwa na uzito kuliko tiketi inayolipiwa mlangoni.

Mtelezo wa kwanza uliowavutia watoto ni ule ulio wima kuliko yote. Wenyewe waliuita Drop Zone, na kwa miaka mingi waliutangaza kuwa mtelezo wa maji mrefu kuliko yote barani Afrika. Kanuni inayouendesha ni nyepesi. Kitu kikiachiwa kutoka kimo cha mita 10, pasipo msuguano wowote, hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Kimo kikiongezwa mara mbili, hadi mita 20, mwendo hauongezeki mara mbili. Hufika karibu kilomita 71 tu. Kazi ya maji yale membamba yanayotiririka juu ya mtelezo ni kupunguza msuguano kati ya ngozi na sakafu, mwili ukateleza badala ya kukwaruzika. Na kwa kuwa mteremko ni mkali, sakafu haimbebi mtu sawasawa. Mwili huhisi kana kwamba umepoteza uzito wake, na ndiyo maana moyo hupanda kooni.

Mwanangu alipanda ngazi, akasimama katika foleni ndefu, akashuka kwa sekunde chache. Alipotoka majini nilimuuliza ameonaje. Akanijibu, "Baba, sikuona kitu, nilifumba macho." Hiyo ndiyo sifa ya mtelezo huo, na ndiyo kasoro yake pia. Unampa mtu jambo la kusimulia mwaka mzima, lakini humchukua peke yake, na safari huisha kabla hajajua kwamba imeanza.

Mtelezo wa pili unaitwa Jika Jika. Msikilizaji asiyejua Kizulu huenda akaligundua jina hilo kwa mwili kabla ya kulielewa kwa akili, kwani neno "jika" katika lugha hiyo maana yake ni kugeuka. Hapa kinachotisha ni kona. Mwili unaosafiri kwa kasi hutaka kuendelea kwenda mbele moja kwa moja; ukuta wa mtelezo huusukuma ndani, ukaukataza. Msukumo huo ndio unaomfanya mtu ajihisi mzito ghafla katika kila pindo, kisha mwepesi, kisha mzito tena. Mke wangu, ambaye aliukataa ule wa kwanza katakata, aliupanda huu mara tatu. Alisema kwamba kona humpa mtu nafasi ya kucheka, ilhali mteremko wa wima humpa nafasi ya kupiga yowe tu.

Wa tatu si mtelezo hasa, bali ni mto wa kutengenezwa. Unaitwa Duzi, kwa jina la mto uMsunduzi unaopita katika mji wa Pietermaritzburg na kuungana na mto uMngeni kabla ya kumwaga maji yake baharini hapo Durban. Kwenye mito hiyo hufanyika kila mwaka mashindano mashuhuri ya mitumbwi, yaliyoanza mwaka 1951. Mwaka huo washindani walikuwa 8, na aliyefika mwisho alikuwa mmoja tu, Ian Player, baada ya safari ya siku 6. Mto wa bustanini hauna ukali huo hata kidogo. Mtu hukaa ndani ya boya la duara, mkondo ukamchukua taratibu, akazunguka na kurudi alikoanzia.

Ni katika mto huo tu ambapo tuliweza kuingia sote watano. Mama mkwe alisimama ukingoni katika vazi lake refu la kuogelea, akisitasita, mpaka kijana mmoja mwokoaji alipomnyooshea mkono na kumwambia, "Woza, gogo." Gogo kwa Kizulu ni bibi, na woza ni njoo. Kijana akayaonyesha maji, akasema, "Amanzi." Bibi akacheka, akasema kumbe huyu ni mtu wa kwetu, na akaingia. Tulishikana maboya, tukasafiri mfano wa ngalawa zilizofungwa pamoja.

Ningeulizwa ni upi kati ya hiyo mitatu ulio bora, ningejibu kwamba inategemea mtu anapima nini. Kwa kishindo, ule wa wima haulingani na mwingine. Kwa ufundi na furaha ya kurudia, Jika Jika hushinda. Kwa familia iliyokuja na bibi na mjukuu, mto ule mpole unaishinda yote miwili, kwa sababu haumwachi mtu pembeni akishika taulo za wenzake.

Lakini kuna jambo jingine lililonifikirisha zaidi. Mbele ya mtelezo wa wima husimama kipimo cha urefu. Binti yetu alijinyoosha, akasimama kwa ncha za vidole, lakini hakuifikia alama. Mwokoaji akatikisa kichwa kwa upole. Mtoto akaniangalia huku machozi yakimlengalenga, akauliza, "Baba, kwani nimekosa nini?"

Bibi yake ndiye aliyemjibu. "Umekosa vidole vinne tu vya urefu, mjukuu wangu. Mungu akipenda, utavipata."

Msikilizaji mpenzi, jibu hilo lina hekima, na lina ukweli wa kitaalamu ndani yake. Mtoto mwepesi anaweza kukwama katikati ya mtelezo, na anayemfuata akamgonga. Mtoto mfupi anaweza kufika bwawani asiweze kusimama. Kipimo kile kinamlinda, nacho hakimfukuzi daima. Kinamwambia tu kwamba arudi akishakua.

Hatua chache tu kutoka hapo uko ufukwe wa wazi ambao nao ulikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho hakikuwa cha urefu. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma iliruhusu fukwe, mabustani na mabenchi kugawanywa kwa rangi ya ngozi. Mjini Durban fukwe zilizokuwa karibu na hoteli zilitengwa kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika, Wahindi na machotara wakapangiwa sehemu zao mbali na hapo. Mabango yalisimikwa mchangani yakieleza nani anaruhusiwa kuoga. Mwaka 1989 waandamanaji wa Cape Town na wa Durban waliingia baharini kwa makusudi katika fukwe zilizokatazwa, na mwezi Novemba mwaka huo Rais F. W. de Klerk akatangaza kwamba fukwe zote ziwe wazi kwa watu wote. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1990.

Fikiria basi mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele ya bango lile, akamuuliza mzazi wake, "Nimekosa nini?" Mzazi angemjibu nini? Hapakuwa na vidole vinne vya kungoja. Alama ya urefu mtoto huipita akikua. Alama ya rangi hapakuwa na umri wa kuipita.

Siku hizi, kila ifikapo sikukuu ya Mwaka Mpya, ufukwe huo hujaa umati usiohesabika, familia kutoka vitongoji na vijiji vya mbali, na watoto hufungwa vitambulisho mkononi ili wakipotea warudishwe kwa wazazi wao. Hakuna kiingilio. Ni neema ambayo kijana wa leo anaweza kuiona kuwa ya kawaida, lakini ililipiwa na watu waliojitosa majini wakijua kwamba polisi wanawangoja mchangani.

Hata hivyo neema hiyo inahitaji kutunzwa. Mafuriko ya mwezi Aprili mwaka 2022 yaliua zaidi ya watu 400 katika jimbo hilo, yakaharibu mitambo ya majitaka, na fukwe za Durban zikafungwa mara kwa mara kwa sababu ya uchafu uliomwagika baharini. Wakati kama huo maji safi hubaki ndani ya kuta za bustani, kwa yule awezaye kununua tiketi, na kwa familia kubwa gharama yake si ndogo. Bango la rangi liliondolewa, lakini bahari chafu nayo ni bango, na anayelisoma kwanza ni asiyekuwa na fedha. Manispaa inayomiliki mitelezo ndiyo hiyo hiyo yenye dhamana ya mabomba ya majitaka. Kwa maoni yangu mtihani wake mkubwa uko kwenye mabomba.

Nasi wa Afrika Mashariki tunalo la kujifunza. Kunduchi kuna bustani ya mitelezo, Mombasa vilevile, na mahoteli yanazidi kuzisogelea fukwe zetu. Ni vyema yawepo, kwani yanaleta ajira na furaha. Lakini kila mtelezo unapopandishwa, tuulize pia kama njia ya mwananchi kuelekea baharini bado iko wazi, na kama maji ya huko ni safi. Mtoto akikosa vidole vinne, atavipata. Akikosa bahari, tumeinyima sisi watu wazima.