Waya, Dira na Usiku Mmoja Ziwani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wangu wa zamani ambao bado mnanitazama kama mlivyonitazama nilipochelewa mstarini, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mlioketi mbele huku harufu ya pilau ikiwasumbua.

Katibu aliponiandikia alinipendekezea mada: mchango wa mtumishi wa umma katika maendeleo. Nilimwomba radhi. Mada hiyo mmeisikia mara nyingi, na mtaisikia tena mgeni mwingine akija. Mimi kazi yangu ni umeme, na leo nitasema juu ya nyaya za boti moja tu.

Mwaka 2014 nilitumwa Karema. Wengi wetu tuliokaa katika madarasa haya tulikuwa watoto wa Mkoa wa Rukwa. Katavi ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012, na kwa hiyo nilirudi nyumbani nikakuta nyumbani kumebadilishwa jina. Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100, na kwa barabara ya siku zile ulifika ukiwa na rangi ya vumbi mwili mzima. Huko nilikabidhiwa boti ya mbao, mali ya serikali, yenye urefu wa mita 11 hivi, injini ya dizeli, mlingoti mmoja, na tanga la kuokoa mafuta pale upepo unapokubali. Nilitakiwa kuondoa nyaya zote za vyombo na kupitisha mpya: taa za mlingoti, dira na taa yake, kipima kina, geji za injini, na kifaa kipya cha satelaiti kilichokuwa bado ndani ya boksi.

Nilipofungua ubao wa swichi niliona kazi za mafundi watatu waliopita, kila mmoja na rangi zake. Waya wa buluu mahali pamoja ulikuwa chanya, mahali pengine hasi. Mmoja wao alikuwa ametumia waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba. Ukutani waya huo unafaa, lakini ndani ya boti mtikisiko wa injini huukunja na kuukunjua mchana kutwa mpaka unakatika ndani ya ganda lake, nawe kwa nje huoni kitu. Waya wa boti ni ule wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kila nilipokata kiungo nilikuta shaba imegeuka unga wa kijani.

Tena nyaya zilikuwa nyembamba mno. Ninyi wa Kidato cha Nne pigeni hesabu hii. Betri ni ya volti 12. Taa mbili za mlingoti, wati 25 kila moja, zinavuta kama ampea 4. Waya wa milimita mraba 1.5 unakwenda mita 12 na kurudi mita 12. Zaidi ya volti 1 inapotea njiani kabla taa haijapata chochote. Ndiyo maana taa ya boti ile ilikuwa nyekundu kama kaa la sigara. Nikaagiza waya wa milimita mraba 4, na upotevu ukashuka chini ya nusu volti.

Sasa nije kwenye kupitisha, maana hapo ndipo nilipoharibu. Nyaya zilipita katika bomba la plastiki chini ya sakafu, kutoka kwenye betri nyuma hadi kwenye ubao wa nahodha, kisha hadi chini ya mlingoti. Bomba hilo limejipinda kufuata mbavu za boti na mkono hauingii. Kuna njia moja tu ya akili: waya wa zamani ndio unaomvuta mpya. Unafunga mshipi wa kuvulia kwenye ncha ya waya wa zamani, mtu mmoja anavuta upande wa pili, na waya ukitoka mshipi unabaki ndani. Kisha unafunga nyaya mpya kwenye mshipi huo, ncha zikipishana ili fundo liwe jembamba kama mkia wa panya, unapaka sabuni, mmoja anasukuma na mwingine anavuta taratibu. Tena unaingiza mshipi wa pili pamoja nazo, ukae humo kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako.

Hayo yote niliyajua, ila nilikuwa na haraka. Safari ilikuwa imepangwa, simu zilikuwa zinapigwa kila asubuhi, nami nilitaka kuonyesha kwamba mtu wa Mlimani hafanyi kazi ya wiki mbili kwa wiki mbili. Nilivuta rundo la nyaya za zamani kwa nguvu bila mshipi, likakatikia kwenye pindo. Nusu ilitoka, nusu ikabaki ndani kama kizibo. Waya chanya wa taa nikafanikiwa kuupenyeza kando ya bomba, ukapita moja kwa moja chini ya kibao cha dira. Hasi haukupenya. Nikaupitisha upande wa pili wa boti, mbali kabisa na mwenzake. Nikawasha taa mchana, zikawaka vizuri, nikatia sahihi kwenye fomu: vyombo vyote vimekaguliwa. Kifaa cha satelaiti nikakiacha ndani ya boksi lake mpaka bomba lizibuliwe.

Siku tatu baadaye tulikuwa tunarudi Karema kutoka vijiji vya kaskazini. Tulikuwa watu kumi na mmoja, miongoni mwetu mama mmoja na mtoto aliyekuwa akichemka kwa homa, anapelekwa kwa matibabu. Giza likaingia, mawingu yakafunika nyota. Tunakwenda kusini, nchi kavu iko kushoto. Nahodha akawasha taa. Baada ya muda akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Ukiwasha taa zako, dira inageuka."

Nikamwambia, "Mzee, hayo ni mawimbi."

Hakubishana. Akazima taa, sindano ikasogea. Akawasha, ikarudi pale pa uongo. Kama nyuzi 10 hivi. Kisha akasema, "Sikiliza kushoto." Nikasikia maji yakipiga mawe. Ukikosea nyuzi 10, kila kilomita 6 unatoka kando kilomita 1. Sisi tulikuwa tumekwenda zaidi ya saa moja tukiifuata dira ile, nayo ilikuwa ikituvuta pwani. Kipima kina hakikutusaidia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 palipo na kina kirefu kuliko pote, na kingo zake sehemu nyingi ni kama ukuta. Chombo kinapokuonyesha kwamba kina ni kifupi, mwamba umekwisha kufika.

Nahodha aligeuza boti kuelekea ziwani. Tukasafiri bila taa, ameshika usukani kwa dira iliyoponywa kwa giza, kijana mmoja mbele na tochi ya mkononi kwa hofu ya kugonga mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Mtoto alilia njia nzima, na kila alipolia nilimtazama mama yake, naye hakujua kwamba mwenye kosa amekaa mbele yake. Tulifika kabla ya alfajiri. Mtoto alipona.

Vijana, maabara yetu iko pale nyuma ya bweni. Humo, Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa fizikia aliweka dira mezani, akanyoosha waya juu yake, akaunga betri, na sindano ikageuka. Ni jaribio la Oersted, Mdenmaki, la mwaka 1820. Nililiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu na wa buluu nikapata alama zote. Nilikuja kulirudia ziwani na watu kumi, nisijue kwamba ndilo.

Nilipowekwa peke yangu na boti nilisokota chanya na hasi pamoja kama kamba. Mkondo wa mmoja unakwenda, wa mwenzake unarudi, na sumaku zao zinauana. Nikawasha kila swichi moja moja huku macho yako kwenye dira, boti ikiwa imefungwa gatini. Sindano haikutikisika. Ningeweza kuishia hapo, kwani hakuna ofisi ambayo ingejua. Nahodha, bila kunitazama, akauliza, "Ile karatasi uliyotia sahihi inasemaje?" Nikaandika taarifa mpya, kosa langu nikalitaja kwa jina lake. Barua ya karipio ilikuja baada ya mwezi mmoja, na ipo katika jalada langu hadi leo.

Mmesikia habari za Liemba. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 walipaka mitambo yake grisi kwanza, na Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta yafaa, ikarudi kazini mwaka 1927. Nilizikumbuka sana habari hizo nilipokuwa nikifunga vibandiko kwenye kila ncha ya waya, vimeandikwa kwa penseli na kufunikwa kwa plasta ya plastiki. Mshipi wa akiba umo ndani ya bomba, umefungwa kwenye msumari chini ya ubao wa swichi.

Nimekuja na dira, betri na mita mbili za waya. Baada ya chakula nitakuwa maabara.