Rufani za Watumishi wa Kaunti: Siku Tisini za Kuandika

Maneno ya leo ni juu ya watumishi wa serikali za kaunti, hasa wale wa Migori na Homa Bay, waonao kwamba wamenyimwa kazi au wameadhibiwa pasipo haki. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, karani wa soko la Rongo na mwuguzi wa zahanati ya Mbita hawaandikwi kazi na Nairobi. Huandikwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yao, na Bodi hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuwaadhibu. Hapo ndipo wengi wakatapo tamaa, wakidhani kwamba neno la Bodi ni neno la mwisho.

Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 234, imeipa Tume ya Utumishi wa Umma iliyoko Nairobi kazi ya kusikiliza rufani zitokazo katika kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 77, imeeleza njia yenyewe. Mtu yeyote aliyeguswa na uamuzi aweza kukata rufani, ikiwa ni juu ya kuandikwa, mshahara, adhabu, kustaafishwa au malipo ya uzeeni. Walimu wa shule za serikali hawamo. Wao wana Tume yao.

Tazameni mfano huu. Karani mmoja yuko Muhuru, kandokando ya ziwa. Uamuzi wa kumfukuza umetolewa tarehe 3 Machi, lakini barua imemfikia siku kumi na tano baadaye. Kwa huzuni yake anakwenda kwa wazee wa ukoo, kisha kwa mjumbe wa baraza la kaunti, kisha kwa mtu amjuaye mkubwa fulani katika ofisi ya Gavana. Kila mmoja ampa ahadi, na labda kila mmoja ni mtu mwema. Mwezi wa Julai ndipo aandikapo kwa Tume. Amechelewa! Sheria yatoa siku tisini, na hesabu huanza tarehe ya uamuzi, si siku barua ilipofika mkononi; kwa hiyo siku yake ya mwisho ilikuwa 1 Juni. Kweli, Tume ina hiari ya kuipokea rufani iliyochelewa ikiona kwamba mambo yenyewe yastahili, lakini kungoja ahadi za wakubwa si udhuru wa kutegemewa.

Rufani hukatwa kwa maandishi. Wako watu wajazao kurasa nne kwa kumtukana mkuu wao, na katika kurasa zote nne haionekani tarehe hata moja. Yafaa barua iseme uamuzi ni upi, ulitolewa na nani, lini, na kosa liko wapi. Na pamoja nayo ziwekwe nakala za barua ya kuandikwa kazi, barua ya kutakiwa kujieleza, majibu yake, na barua ya adhabu. Ibara ya 236 ya Katiba yakataza mtumishi wa umma kufukuzwa au kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo yataka mtumishi kabla ya kufukuzwa kwa kosa aelezwe sababu kwa lugha aielewayo, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Ikiwa hayo hayakufanyika, na yaandikwe mwanzoni kabisa.

Hata asiyekuwa mtumishi bado ana nafasi yake. Sheria ya kaunti yaiagiza Bodi ikumbuke kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kwanza zapasa kupewa watu wasiotoka katika kabila lenye watu wengi kaunti hiyo. Kijana Mkuria wa Kehancha, ambako Wajaluo ndio wengi katika kaunti nzima, akiona kwamba agizo hilo limepuuzwa, aweza kuiandikia Tume kama yule aliyefukuzwa.

Wengine hukimbilia mahakamani kwanza, nao hupoteza fedha na siku zao pia. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 hairuhusu shauri la namna hii kupelekwa mahakamani kabla njia ya rufani haijamalizika.

Tume haisikilizi rufani mara mbili juu ya uamuzi ule ule. Yaweza tu kuombwa kuutazama upya, ikiwa limepatikana jambo jipya ambalo halikuweza kuletwa mapema, au ikiwa kosa laonekana wazi katika maandishi yake. Na kama mtu ameshinda, lakini kaunti haitimizi lililoamuliwa, aweza kuupeleka uamuzi huo katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Kisumu, ili utekelezwe.