Uwanda na Mji: Nani Analipia Mapumziko ya Ardhi?



Itajwapo ardhi kame, mawazo yetu hukimbilia Dodoma au Shinyanga, si Unguja ya mikarafuu na minazi. Lakini atokaye Mji Mkongwe kwenda kusini, akapita Jozani kuelekea Paje, Jambiani na Makunduchi, huingia katika nchi nyingine. Huo ndio uwanda: jiwe la matumbawe ya kale, lenye udongo kidogo tu katika vishimo vyake. Mvua hunyesha, tena si haba, ila hupotea upesi katika nyufa za jiwe, wala hakuna mto wa kuihifadhi. Mmea wa hapo huishi kama mmea wa nchi kame.

Wazee wa kusini waliijua tabia hiyo. Walifyeka kichaka, wakachoma, wakapanda mtama, kunde na mihogo kwa misimu michache, kisha wakaiacha ardhi ilale miaka mingi mpaka kichaka kirudi. Utaratibu huo hauharibu nchi, mradi usingizi uwe mrefu. Nao umefupishwa. Watu wameongezeka: mwaka 1967 Unguja na Pemba zilikuwa na watu wapatao 355,000, sensa ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Hata hivyo tusiishie kwenye hesabu hiyo, maana ni rahisi mno kumlaumu mkulima na shoka lake. Kuni na makaa mengi ya uwandani hayakuivisha chungu cha Makunduchi; yalikuja mjini. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa. Chokaa haipatikani pasipo tanuri, na tanuri la kienyeji haliwaki pasipo kuni. Hata boriti za dari zetu zilikatwa katika mikoko.

Je, ardhi iliyochoka hupona? Wenzetu wa Shinyanga wametujibu. Huko miti ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, hata baadhi ya watu wakaita nchi ile jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofaulu zaidi hakikuwa miche ya bustani, bali ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Visiki vilivyoonekana vimekufa vilichipua, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Tuzingatie jambo moja: ngitili zilikuwa mali ya kaya na vijiji. Mtu alilinda kilicho chake.

Kwetu pia uwanda huchipua ukiachwa, na mivinje iliyopandwa hutoa nguzo na kuni hata juu ya jiwe. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliwawezesha wanavijiji kusimamia misitu yao kwa mkataba na serikali, na tangu 2010 mradi wa HIMA uliipanua kazi hiyo. Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, imetufundisha upande wa pili: kima punju wanaopendwa na wageni hula mazao ya wakulima jirani. Wakulima walidai haki yao, na sehemu ya mapato ya wageni ikaanza kurudi vijijini. Tunaona walidai kwa haki kabisa.

Maana kuipumzisha ardhi si bure. Kichaka kikifungwa, mama aliyeuza mzigo wa kuni ili anunue unga ndiye afungaye mkanda wa kwanza, huku sisi wa mjini tukisifu kijani cha njiani. Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za parokia zianze na jiko la sikukuu ijayo: kuni na makaa yake yametoka wapi, kijiji kile kina mkataba wa msitu au hakina, na aliyekata amelipwa shilingi ngapi.