Barry Hayupo, Lakini Analia
Mwaka 2019 kampuni ya Marekani, Talespin, ilimtambulisha Barry, mfanyakazi mzee mwenye mvi aliyetengenezwa kwa kompyuta. Meneja anavaa miwani ya uhalisia pepe, anakaa naye ana kwa ana, kisha anajifunza kumwachisha kazi. Meneja akizungumza vibaya, Barry hufoka au huangua kilio.

Wasikilizaji, huu si mchezo. Mwaka 2006, Mel Slater wa University College London na wenzake walirudia jaribio la Milgram kuhusu utii, kwa mwanamke wa kompyuta: mshiriki alimpiga shoti ya umeme kila mwanamke huyo alipokosea jibu. Washiriki wote walijua hayupo, wala hakuna anayeumia. Hata hivyo miili yao ilionyesha mfadhaiko, na wapo walioacha kabla ya mwisho.

Kwa hiyo mafunzo haya yana nguvu kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Barry hulia pale alipopangiwa kulia. Meneja anaweza kumzoea, akakariri maneno laini, akadhani amejifunza utu. Waajiri wanaonunua mafunzo haya wadai kwanza kwamba watu waliowahi kupoteza kazi washirikishwe kumwandikia Barry majibu yake.