Khofu ya Mzazi: Uadilifu wa Dola na Mapambano Dhidi ya Ugaidi Pwani ya Kenya



Mada niliyopewa ni pana mno, nayo yaweza kumzungusha msemaji Baghdad, Kabul na Maiduguri kabla hajafika Mombasa. Kwa hiyo naomba idhini yenu niifupishe, nibaki katika mwambao wetu wa Kenya na katika kaunti zinazopakana na Somalia, kwani maafa yaliyotufika wenyewe yatatufunza zaidi kuliko yale tuliyohadithiwa. Na hoja yangu naitanguliza waziwazi, ili atakayeipinga apate wasaa wa kujiandaa. Nasema kwamba katika jambo hili la ugaidi mtu wa kwanza kuiona hatari, kabla ya askari, kabla ya kachero na kabla ya imamu, ni mzazi. Kwamba mzazi huyo, katika sehemu kubwa ya pwani yetu, amenyamaza kwa khofu, wala hakunyamaza kwa ridhaa. Na kwamba maadamu khofu hiyo haijaondolewa, fedha na silaha zote tutakazozitumia zitafanya kazi nusu.

Sina haja ya kuwasimulia kwa urefu yaliyotupata. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliyoripuliwa kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, yaliwaua watu zaidi ya 220, wengi wao wakiwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia. Tarehe 28 Novemba 2002 ikafuata hoteli ya Paradise, Kikambala, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wacheza ngoma wa hapa kwetu waliosimama kuwalaki wageni. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, walizidisha mashambulio yao: Westgate mwezi wa Septemba 2013, watu 67, Mpeketoni na vijiji vya jirani mwezi wa Juni 2014, watu zaidi ya 60, Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, takriban wote wanafunzi. Wala asidhani mtu kwamba Mwislamu amesalimika nao, kwa kuwa lori la baruti lililoripuka Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017, ambalo serikali ya Somalia ililinasibisha na kundi hilo hilo, liliangamiza roho zaidi ya 500 katika mji ambao wakazi wake karibu wote ni Waislamu. Haya ni mauaji ya watu wasio na hatia, nayo hayana udhuru katika dini yoyote wala katika siasa yoyote, na lolote nitakalolisema baadaye kuhusu makosa ya dola lisifahamike kuwa ni kumtafutia muuaji kisingizio.

Ni nani, basi, anayekwenda kujiunga nao? Jawabu linalotolewa mara nyingi ni kwamba ni kijana maskini, asiye na kazi wala elimu. Jawabu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mmoja wa wale wanne walioingia Garissa na bunduki alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, naye alikuwa mwana wa chifu wa serikali katika kaunti ya Mandera. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa kuwahoji watu 495 waliojiunga na makundi kama haya kwa hiari yao. Nusu yao walidai kuwa dini ndiyo iliyowavuta, na huku asilimia 57 wakikiri kwamba maandiko ya dini hiyo wanayafahamu kidogo sana au hawayafahamu kabisa. Nao waliopata miaka 6 au zaidi ya masomo ya dini walionekana kuwa wagumu zaidi kuvutwa kuliko wale waliokosa. Lakini lililonishughulisha zaidi ni hili: walipoulizwa ni jambo gani hasa lililowasukuma wakakata shauri, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, mathalani kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki.

Hapo ndipo utakapoiona kazi ya yule anayewaandikisha vijana katika ugaidi. Yeye hamfuati kijana kwa hoja nzito za fikihi, kwani aghalabu yeye mwenyewe hana. Humjia pale alipodhalilishwa, akaikuta ghaidhi yake ingali mbichi, akaipa jina la dini. Mwaka 2012 Al-Shabaab walianza kutoa jarida la Kiswahili liitwalo Gaidi Mtaani, na kila mwenye kuipenda lugha hii atahuzunika kuona namna linavyochukua madhila ya kweli, yanayojulikana na kila mtu mtaani, likayachanganya na uzushi hata msomaji asiweze kupambanua lipi ni lipi.

Wala fitina hii si ngeni katika umma wa Kiislamu. Wanahistoria wake wanasimulia habari za Makhawariji, ambao kwa taasubi yao waliwakufurisha Waislamu wenzao na kuhalalisha damu zao, na hatimaye mmoja wao, Ibn Muljam, akamuua Khalifa Ali katika msikiti wa Kufa mwaka wa 40 wa Hijra. Lakini kabla ya hayo, Ali aliwapelekea Ibn Abbas, mwanachuoni, akae nao awajadili shubuha zao moja baada ya moja, na maelfu, kama ilivyopokewa, wakarejea. Tena Ali hakuwapiga vita kwa maneno yao, mpaka walipomwaga damu ya watu. Nawaomba masheikh waliopo hapa waipe habari hiyo nafasi yake katika madarasa ya jioni, kwa sababu kijana aliyefunzwa kutamka herufi za Qurani bila ya kufunzwa maana yake huachwa hana kinga mbele ya kila mzushi mwenye simu ya mkononi.

Sasa nirejee kwa dola. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, ambaye alikuwa akituhumiwa kuwasaidia Al-Shabaab, aliuawa kwa risasi barabarani, naye yumo garini pamoja na ahali zake, na Mombasa ikawaka ghasia. Mwezi wa Aprili 2014 akauawa Sheikh Abubakar Shariff, maarufu kwa jina la Makaburi, alipokuwa akitoka mahakamani. Sisemi ni nani aliyewaua, kwani hapana aliyehukumiwa, na hilo ndilo donda lenyewe: mtu anayetuhumiwa kwa jinai kubwa namna ile ilipasa asomewe ushahidi mbele ya hakimu wa nchi, watu wausikie, na itikadi yake ifedheheke hadharani. Alipouawa bila ya kuhukumiwa alitoka kuwa mtuhumiwa akawa shahidi machoni pa vijana, na kanda za mawaidha yake zikaenea zaidi kuliko alipokuwa hai. Na mwezi wa Juni 2014 akauawa Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri, mtu aliyesimama kuwapinga wenye siasa kali. Hivyo tukampoteza na yule aliyekuwa na uwezo wa kuwajibu.

Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizolewa na polisi Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, wakakusanywa katika uwanja wa Kasarani. Lamu, baada ya maafa ya Mpeketoni, watu walizuiwa kutoka usiku kwa miezi, na mvuvi ambaye riziki yake imo baharini usiku akashinda na njaa kwa kosa asilolitenda. Mwezi wa Disemba 2016 jumuiya ya kutetea haki za binadamu ya Haki Africa ilitangaza ripoti yenye visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu mwaka 2012 katika mikono inayonasibishwa na vyombo vya usalama. Afisa mwadilifu, na wapo wengi, huenda akachukia kuyasikia haya. Lakini yeye ndiye wa kwanza kudhurika nayo, kwa kuwa milango ya nyumba anazozihitaji imefungwa mbele yake.

Mfikirieni mama wa Majengo au wa Diani ambaye mwanawe ameanza kukaa peke yake, ameacha kusali nyuma ya imamu wa mtaa akidai kuwa imamu huyo ni mnafiki, amewachukia rafiki zake wa utotoni, na kisha siku moja ameaga kuwa amepata kazi Malindi na simu yake haipatikani. Mama huyo anajua. Moyo wake umekwisha kumwambia kijana anaelekea wapi, na bado angali yuko karibu, pengine yu njiani tu, aweza kurudishwa. Akinyamaza, atampoteza kwa magaidi. Akisema, anaamini kwamba atampoteza kwa polisi, kwa sababu amewaona majirani waliosema, kisha wakazunguka vituo vyote wakiulizia watoto wao na wasijibiwe neno. Na khofu yake haina upande mmoja, maana huko Kwale wazee wa Nyumba Kumi, utaratibu wa majirani kulinda mtaa wao, waliodhaniwa kuwa wapasha habari waliuawa. Msamaha uliotangazwa na serikali mwezi wa Aprili 2015 kwa vijana watakaorejea ulikuwa jambo la busara. Ila baadhi ya waliorejea waliuawa, na kila jeneza lilipotoka nyumbani, wazazi kadhaa walijifunza kukaa kimya.

Isisemwe kwamba wazazi hawana uzalendo. Yule chifu wa Mandera, baba wa kijana wa Garissa, alikwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anachelea asije akawa amevuka kwenda Somalia. Alitimiza wajibu mzito kuliko wote anaoweza kutwikwa baba, nasi hatukuwa na utaratibu wa kulitumia neno lake kwa wakati.

Na watu wetu wana ushujaa kuliko tunavyowadhania. Tarehe 22 Novemba 2014 watu wenye silaha walilisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu, wakawaua 28. Tarehe 21 Disemba 2015 wakajaribu tena hila ile ile katika basi jingine, nao abiria Waislamu wakakataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujistiri, na wote wakasema kwamba kama ni kuua, na wauawe pamoja. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Hapakuwapo askari pale wala mtu wa kuwapa amri.

Basi napendekeza nini? Mkakati wa taifa wa kukabiliana na siasa kali uliotolewa mwaka 2016 umeikabidhi jamii sehemu yake, na kaunti ya Kwale ilitangulia nyingine zote kuandika mpango wake mwaka 2017. Nayasifu yote mawili, ila mpango haumtulizi mama. Atakachokitaka ni mahali pa kwenda pasipokuwa kituo cha polisi, penye watu anaowajua, sheikh, mwalimu, mama mwenziwe, na mwanasheria, ambao watalipokea neno lake kwa siri, na ambao serikali imewaahidi kwa maandishi kwamba kijana asiyemwaga damu atarudishwa kwa nasaha, masomo na kazi, na aliyemwaga damu atafikishwa mahakamani akiwa hai. Ajira na ardhi ni mambo makubwa yanayostahiki semina yake yenyewe, na sikuyagusa kwa kuwa hayatakamilika leo. Ila hili la amana laweza kuanza wiki hii.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, au, saa hizo zikiisha nje ya saa za mahakama, siku ya mahakama inayofuata. Nyinyi maafisa mliokaa katika safu ya mbele, nawaomba mtakaporudi kwenye vituo vyenu muyafungue madaftari ya waliokamatwa, na kila mzazi atakayekuja kuulizia mtoto wake aambiwe siku hiyo hiyo mtoto yuko wapi, ameshtakiwa kwa kosa gani, na atafikishwa mbele ya hakimu yupi.