Hisabati Iwe Lazima, na Mwalimu Naye Awe Lazima



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja aliuliza: kwa nini kila mtoto alazimishwe kusoma Hisabati hadi Kidato cha Nne, wakati wengi wanaishia kupata F? Swali hilo lilinigusa, maana mimi mwenyewe nilipata F. Darasa letu lilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo.

Hatuko peke yetu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa 2023, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30 kwa 100!

Hisabati za juu asilazimishwe mtu. Anayesoma PCM au EGM Kidato cha Tano amechagua mwenyewe. Lakini hesabu za msingi ni za kila mtu. Mkulima asiyeweza kukokotoa makato ya chama kwenye malipo ya kahawa yake atapokea chochote anachopewa. Asiyejua kubadili kwacha kuwa shilingi pale Tunduma ataliwa mchana kweupe. Somo likifanywa la hiari, watakaoliacha kwanza ni watoto wa shule zisizo na walimu, yaani wa kwetu. Wahandisi watatoka kwa wenzetu.

Mtihani nao una lawama zake. Karatasi ni moja, mazingira siyo mamoja. Mtoto wetu aliyefundishwa KDS kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba, akifika Kidato cha Kwanza anaikuta inaitwa LCM, na hakuna wa kumweleza kwamba ni kitu kilekile. Hata hivyo, mtihani ukiondolewa, nani atajua kwamba tumeachwa nyuma? Mnakumbuka matokeo ya 2012: zaidi ya nusu walipata sifuri, Serikali ikaunda tume, kisha matokeo yakapangwa upya. Lakini kupanga upya alama hakukumfundisha mtoto hata mmoja kugawanya.

Ndugu zangu, mabati tumechangia, madawati tumechangia. Tangu 2016 ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne imeondolewa, lakini mwalimu bado anasubiriwa. Naomba harambee ya mwaka huu itenge fungu la posho ya walimu wa Hisabati wa kujitolea, vitabu, na masomo ya likizo. Wanachuo wetu wanaorudi likizo waanze wao kufundisha. Sisi tuwape nauli na chakula.

Jengo hupigwa picha siku ya uzinduzi. Mtoto aliyeelewa sehemu na asilimia hapigwi picha, lakini ndiye atakayetushikia daftari la chama hiki kesho.